Tamko la Kina Mama, Wakunga na Wahudumu wa Afya wa Funzi Kuhusu Usalama wa Lango la Hospitali

Sisi kina mama, wakunga na wahudumu wa afya ya jamii wa kisiwa cha Funzi, Kaunti ya Kwale, tunataka sheria ilinde lango la hospitali na la zahanati. Ndani ya umbali utakaotajwa na sheria hiyo, mgonjwa asizuiwe njia, asizomewe, asihojiwe wala asipigwe picha kwa sababu ya huduma anayodhaniwa kuifuata.

Tunajua kwamba Kenya haijazoea kuona watu wakisimama na mabango nje ya kliniki za kutoa mimba siku nenda siku rudi, kama ilivyokuwa Uingereza mpaka wabunge wao wakaingilia kati. Scotland ilikataza vitendo hivyo ndani ya mita 200 za vituo hivyo kuanzia tarehe 24 Septemba 2024. England na Wales zikafuata kwa mita 150 mwezi Oktoba, na Ireland kwa mita 100 mwezi huohuo. Kwetu tatizo lina sura nyingine. Hapa anayetaka kumwaibisha mwanamke hahitaji bango, maana anamjua kwa jina.

Mwanamke wa Funzi anayevuja damu usiku huvushwa kwa mashua hadi Bodo, akatafutiwa gari au bodaboda mpaka barabara ya Lunga Lunga, ndipo aelekee Hospitali ya Rufaa ya Msambweni. Nahodha anamjua. Mwenye bodaboda anamjua mumewe. Kufikia langoni, habari zake zimekwisha kumtangulia. Na mimba iliyoharibika yenyewe na ile iliyotolewa huleta damu ileile, maumivu yaleyale, na wagonjwa wote hao huingia kwa mlango mmoja. Aliyesimama nje hana njia ya kuwatofautisha. Akinyoosha kidole, huenda anamnyooshea mama aliyempoteza mtoto aliyemwomba kwa Mungu miaka mingi. Binti anayesikia matusi hayo hujifunza kukaa kimya nyumbani hadi hali imshinde, na wakunga wetu ndio huitwa wakati huo, mikono mitupu.

Mkono wa dola nao haujawa salama kila mara. Septemba 2019, katika kaunti jirani ya Kilifi, mwanafunzi wa sekondari aliyepata matatizo ya mimba alitibiwa na tabibu katika kliniki. Polisi waliingia humo humo, wakamkamata yeye na tabibu wake, na baadaye wote wawili wakashtakiwa. Tarehe 24 Machi 2022, Jaji Reuben Nyakundi wa Mahakama Kuu ya Malindi aliamua kwamba kukamatwa na kushtakiwa kwao kulivunja Katiba. Uamuzi huo ulikatiwa rufaa, na mawakili wana mengi ya kubishania. Lakini sisi tunasema hivi: iwe sheria ya mimba itasomwa kwa upana au kwa ufinyu, askari hana kazi kwenye kitanda cha mtoto anayetibiwa, ila awe na amri ya mahakama.

Kifungu cha 26(4) cha Katiba ya 2010 hakiruhusu utoaji mimba, isipokuwa pale ambapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya, matibabu ya dharura yanahitajika, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa imeruhusu. Kifungu cha 43(2) kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Anayestahili kutoa maoni hayo ni mtaalamu aliyemwona mgonjwa. Katiba haikuwapa kazi hiyo wapita njia.

Kifungu cha 37, kwa upande wake, kinatupa sote haki ya kuandamana kwa amani, na haki hiyo tunaitaka izidi. Mwaka 2025 Mwakilishi wa Wanawake wa Nairobi, Esther Passaris, aliwasilisha mswada uliopendekeza mita 100 zisizo na maandamano kuzunguka Bunge, mahakama na maeneo yanayolindwa. Hatukubaliani na pendekezo hilo. Mbunge ameomba kazi ya kusikiliza wananchi, na kelele za langoni kwake ni sehemu ya kazi hiyo. Mgonjwa hakuomba kura ya mtu. Kama kuna mita 100 za kutafuta katika nchi hii, zianze kwake.

Kwa sababu hiyohiyo, sheria tunayoitaka isigeuzwe ngao ya wakubwa wa hospitali. Madaktari wa umma waligoma siku 100 tangu Desemba 2016 hadi Machi 2017, wakagoma tena siku 56 mwaka 2024, na hatutaki sheria itakayowafukuza langoni siku wanapodai haki yao. Wala hatutaki mkazi wa Msambweni akamatwe kwa kusimama pale na kuuliza dawa zimekwenda wapi. Kitakachokatazwa ni kumwandama mgonjwa, jamaa anayemsindikiza au mhudumu kwa ajili ya matibabu yenyewe, pamoja na kusambaza picha na jina lake.

Miongoni mwetu wapo wanaoamini kwamba kutoa mimba ni haramu tangu siku ya kwanza, na wapo wanaofuata wanazuoni waliotofautisha kabla na baada ya siku 120. Hatukukutana kulimaliza hilo. Msikiti upo, baraza lipo, redio ipo, na kila mwenye hoja ana pa kuitolea. Tulichokubaliana wote, bila mmoja kusita, ni kwamba mwanamke aliye katika maumivu aachwe afike kwa daktari.

Tunaliomba Bunge la Taifa litunge sheria hiyo kwa kuzingatia Kifungu cha 24 kuhusu mipaka ya haki. Bunge la Kaunti ya Kwale nalo lisingoje: vituo vya afya vya kaunti viko chini ya serikali ya kaunti, na linaweza sasa hivi kutaka kila kituo kiwe na kanuni ya kukataza upigaji picha wa wagonjwa, na sehemu ya kushukia isiyo mbele ya umati. Manahodha wa Bodo na waendesha bodaboda tunawaomba jambo moja, nalo halihitaji sheria: wasitaje waliyembeba.

Nakala za tamko hili zinapelekwa kwa makarani wa mabunge yote mawili, kwa msimamizi wa hospitali ya Msambweni, kwa mkuu wa polisi wa eneo hilo, na kwa maimamu wa misikiti ya Funzi, ambao tunawaomba waturuhusu kulisoma mbele ya waumini baada ya sala ya Ijumaa.