Miti ya Dar Izungumziwe Maneromango

Mtu akitaka kuandaa mihadhara ya wazi kuhusu miti ya Dar es Salaam, ukumbi wa kwanza kumjia akilini ni ule wa Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Si chaguo baya. Jirani yake ipo Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893, miaka miwili baada ya kuhamishia makao yao hapo kutoka Bagamoyo. Tabu ni kwamba muhadhara wa namna hiyo huishia kwenye miti ya kupandwa: mwarobaini na mjohoro kutoka Asia, mkrismasi kutoka Madagaska. Ukitaka kujua jiji lilisimama juu ya uoto gani, na leo linakula uoto wa nani, inakubidi upande gari la Kisarawe.

Anza na maji. Mto Msimbazi, ambao mvua za Desemba 2011 ziliufanya ufurike na kuua watu bondeni, chanzo chake ni vilima vya Pugu. Juu ya vilima hivyo imebaki misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, yenye miti ambayo wataalamu waliipa jina la mahali penyewe: Baphia puguensis, Millettia puguensis. Mkazi wa bonde hilo anayehamisha magodoro kila masika ana haki ya kuelezwa habari za vilima hivyo kuliko mtalii anayepiga picha bustanini.

Halafu kuna mkaa, na hapo ndipo Maneromango, kijiji cha wilayani Kisarawe, inapoingia. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti uliolinganisha misitu kuanzia kilomita 10 hadi 220 kutoka Dar es Salaam, kwa takwimu za mwaka 1991 na 2005. Ukataji wa mbao ulikuwa ukisonga mbele kilomita 9 kwa mwaka. Uchomaji mkaa ukafuata nyuma, kilomita 2 kwa mwaka. Maana yake, kijiji kilicho mbali na jiji kinaondokewa kwanza na mikongo na mivule, kisha waje wachoma mkaa kumalizia kilichobaki. Sheria ya mwaka 2018 iliifanya Dodoma kuwa makao makuu ya nchi, lakini malori ya mkaa hayajabadili njia.

Mchoma mkaa anaijua miti kwa namna ambayo mhadhiri haijui. Anapanga magogo, anayafunika kwa majani, anafukia kwa udongo, anaacha matundu, kisha analinda tanuri usiku na mchana, kwa sababu udongo ukipasuka na hewa ikaingia atakuta majivu. Anajua mti upi unatoa mkaa mzito na upi unalipuka cheche jikoni. Huyu angepewa kipaza sauti nusu saa, watu wa mjini wangesikia mambo mageni kabisa, ikiwemo bei aliyouzia gunia la lumbesa wanalolinunua wao kwa fedha nyingi zaidi.

Wapo watakaosema maneno hayashibishi, na wana hoja. Kijana asiye na kipato kingine hataacha tanuri kwa sababu ameoneshwa picha za ndege. Mbaya zaidi, wanakijiji wamezoea wageni wanaokuja kuwafokea kana kwamba mkaa huo wanaupikia wao wenyewe. Serikali ilishapiga marufuku mkaa mwaka 2006, na marufuku hiyo haikudumu. Mimi naona hoja hizi zinahukumu aina ya muhadhara tuliyoizoea, ule wa mmoja kusema na wengine kupiga makofi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakipa kijiji uwezo wa kutenga msitu wake na kuusimamia. Uamuzi kama huo hupita kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na wanaoupigia kura wanastahili kuzijua takwimu zile zilizokusanywa kwenye misitu yao wenyewe.

Wazee nao wasikilizwe, hasa kina bibi. Katika unyago wa Kizaramo, mkole ndio mti wa mwali. Marja-Liisa Swantz aliandika habari zake katika kitabu cha mwaka 1970. Ukiuliza mkole unapatikana wapi siku hizi, na zamani ulikuwa umbali gani na nyumba, utapata ramani ya uoto ambayo haimo katika ofisi yoyote. Ila yasiulizwe ya ndani ya unyago mbele ya wanaume na wageni. Kungwi atakayekataa kujibu aheshimiwe.

Gharama za mihadhara ya Maneromango si kubwa: nauli, spika, chakula cha mchana. Lugha iwe Kiswahili, na majina ya miti yatajwe Kizaramo pia. Muda ndio wa kuangalia. Wakati wa masika barabara ni tope, na korosho zikishaanza kudondoka hakuna atakayeacha shamba aje kusikiliza. Julai au Agosti inafaa.