Kabla hujamwambia mteja "diski yako imekufa", pima mashine yako



Leo sileti mbinu ya kuongeza wateja. Naleta kosa langu, na msimamo wangu juu ya hilo kosa, maana naona wengi wetu wenye steshenari, studio za picha na meza za ufundi tunalifanya na wala hatujistukii.

Mimi nina steshenari na studio ndogo hapa Morogoro. Shule nimeishia kidato cha nne, kompyuta nimejifunza kwa kufungua na kufunga. Miaka mitatu nimehariri video za harusi na vipaimara kwa laptop ya mtumba. Mwaka jana nikajikusanya, nikashuka Kariakoo, nikanunua kesi, madabodi, prosesa, RAM, SSD na pawasapulai, nikarudi kuunga mwenyewe usiku mmoja. Ikawaka mara ya kwanza! Siku ile nilijiona fundi kwelikweli.

Wiki ya pili akaja mama mmoja na diski yake ya nje, hizi tunazoita eksteno. Ndani kulikuwa na video za harusi ya binti yake, kama GB 60, anataka filamu ya saa moja. Nikachomeka mbele ya kesi, nikaanza kukopi. Kufika asilimia 30, ule mlio wa kuchomoa ukalia, diski ikapotea. Sekunde mbili ikarudi. Nikaanza upya, safari hii ikapotea kwenye asilimia 12. Mara ya tatu ikafika 50, ikapotea tena.

Nikamwambia kwa sauti ya kitaalamu kabisa: "Mama, diski yako imekufa hii. Nunua nyingine tuhamishe haraka kabla haijazima moja kwa moja." Nilikuwa nayo dukani, TB 1, nikamuuzia shilingi 170,000. Nikaifungua boksi mbele yake, nikaichomeka pale pale mbele ya kesi, nikajaribu kuwekea faili moja. Mlio ukalia, diski ikapotea.

Mama akaniangalia, akaniuliza swali moja tu: "Na hii nayo imekufa, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Wahenga walishasema, mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mimi nilisingizia diski ya mtu.

Jirani yangu wa duka la simu ana laptop. Nikaenda na diski ya yule mama na waya wake ule ule, tukakopi. GB 60 zote zikapita bila kukwama hata mara moja. Diski ilikuwa nzima. Mgonjwa alikuwa mashine yangu mpya, ile niliyokuwa naitamba kwa kila mtu.

Msimamo wangu ni huu. Kompyuta ya dukani, iliyotoka kiwandani ikiwa kamili, imeshapimwa na mtu kabla haijakufikia. Hii ya kuunga, kila kipande kimepimwa kivyake, lakini vyote kwa pamoja hajavipima mtu. Ukiunga mwenyewe, wewe ndiye kiwanda. Na kama hujapima, huna haki ya kumtoza mteja pesa kwa sababu ya hitilafu usiyojua imetoka wapi. Upya wa mashine siyo ushahidi kwamba ni nzima.

Basi nikakaa na daftari, nikaanza kutafuta. Sheria niliyojiwekea ni moja: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha jaribu. Ukibadilisha waya, poti na draiva kwa mpigo, ikipona hujui kilichoponya, na ikirudi unaanza moja.

Kwanza nikabadilisha waya, hali ile ile. Hata hivyo usiruke hatua hii, waya ndio huwa na kesi nyingi. Hizi diski ndogo nyingi zinatumia ile plagi pana bapa, nayo ikichakaa inalegea. Gusa kidogo tu wakati inakopi, ikipotea ujue. Na waya mrefu wa kuunganishia uweke pembeni, tumia mfupi uliokuja na diski.

Pili nikahamia poti za nyuma. Hapo mambo yakabadilika, ikakopi bila kupotea. Kumbe kuna tofauti ambayo nilikuwa siijui. Poti za nyuma zimechomelewa kwenye madabodi yenyewe. Za mbele zinafika kwa waya unaopita ndani ya kesi, na ule waya ni wewe fundi uliyeuchomeka. Nikafungua kesi. Plagi ya poti za mbele haikuzama mpaka mwisho, na pini moja ilikuwa imepinda. Plagi ile ni ngumu, nami usiku ule niliisukuma kwa papara.

Umeme nao uangalie. Eksteno ndogo haina chaja yake, inanyonya umeme kwenye poti. Poti ya USB 2.0 kwa kawaida ya viwango inatoa miliampia 500, ya USB 3.0 inatoa 900. Diski inapoanza kuzunguka ndipo inapohitaji nguvu zaidi. Ukiichomeka kwenye kigawanyio kisicho na umeme wake, pamoja na mausi, kibodi na chaja ya simu, wote wanagombea sahani moja. Diski inazimika, wewe unasema imekufa. Zile kubwa zenye adapta yake hazina shida hii, ila adapta ikichoka nazo zinapotea hivyo hivyo.

Kuna na mipangilio ya Windows. Mashine inaweza kuzima poti kidogo ili kubana umeme. Ingia Device Manager, fungua sehemu ya USB, kwenye kila "Root Hub" nenda kwenye "Power Management", utoe alama ya vema inayoruhusu kompyuta kuzima kifaa. Kwenye mipangilio ya umeme zima pia "USB selective suspend". Kwa mashine ya dukani ambayo kazi yake ni kukopi mchana kutwa, sioni faida ya kubana huko.

Halafu kuna draiva za madabodi na BIOS. Hili wengi hawaliamini, lakini mwaka 2021 AMD wenyewe walikiri kwamba kwenye madabodi za chipseti za mfululizo wa 500, vifaa vya USB vilikuwa vinakatika vyenyewe kwa baadhi ya watu, wakatoa marekebisho kupitia BIOS. Maana yake diski nzima, waya mzima, poti nzima, na bado inapotea kwa sababu ya programu ya madabodi. Kwa hiyo ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji wa madabodi yako, soma kama kuna toleo jipya. Ila BIOS usiisasishe bila UPS. Umeme ukikatika katikati, unaweza kubaki na madabodi isiyowaka.

Nilidhani nimemaliza. Bado.

Video zilikopi zote, hakuna kupotea, hakuna ujumbe wa kosa. Nikaanza kuhariri. Kwenye faili moja kubwa la GB 22, katikati ya hotuba ya baba wa bibi harusi, picha ikajaa vimiraba vya rangi, sauti ikakwaruza. Nikafungua lile lile kwenye diski ya mama kwa laptop ya jirani, safi kabisa. Yaani mashine yangu ilikopi, ikasema tayari, na ilichonipa kilikuwa kibovu.

Hii ndiyo inayotisha. Diski ikipotea unaiona. Faili likiharibika kimya kimya, unakuja kujua siku mteja ameshafuta la kwake.

Windows ikimaliza kukopi kwa njia ya kawaida hairudi kulinganisha kilichoandikwa na cha mwanzo. Kulinganisha ni kazi yako, na siyo ngumu. Fungua Command Prompt, andika certutil -hashfile, ruka nafasi, weka njia ya faili ndani ya alama za kunukuu, ruka nafasi, andika SHA256. Utapata mstari mrefu wa herufi na namba. Hiyo ni kama alama ya kidole ya faili. Fanya kwa faili la mwanzo, fanya kwa kopi. Zikilingana, kopi ni sawa. Zikitofautiana hata herufi moja, kopi ni mbovu. Kama mistari mirefu inakuchosha, programu ya TeraCopy inaweza kukopi na kuhakiki yenyewe.

Nilipokopi lile faili mara tatu nilipata alama tatu tofauti. Kwa laptop ya jirani, faili la mwanzo lilitoa alama ile ile kila mara. Hapo nikajua siyo diski tena. Kila kinachokopiwa kinapita kwenye RAM kwanza. RAM zangu zimeandikwa 3200, na mimi kwa tamaa ya kasi nilikuwa nimewasha profaili ya XMP kwenye BIOS ili zifike hiyo kasi, bila kupima kama mashine inaihimili. Nikaweka MemTest86 kwenye flashi, nikaiacha ipime usiku kucha. Asubuhi skrini ina makosa kibao. Nikazima XMP, nikapima tena usiku wa pili, sifuri. Nikakopi faili la GB 22 mara tano, alama ikawa moja mara zote tano.

Kasi niliyoitaka ingeniponza. Bora kompyuta iende taratibu ikupe faili zima.

Sasa sisemi diski hazifi. Zinafa, tena sana. Ukiwa umeshathibitisha kwa mashine nyingine kwamba tatizo linaifuata diski popote inapoenda, angalia afya yake kwa CrystalDiskInfo. Mstari wa 05 ni sehemu zilizoharibika zikabadilishwa, C5 ni sehemu zinazosubiri hukumu. Namba zikiwa zinapanda, okoa kilichomo haraka. Mstari wa C7 mara nyingi unaelekeza kwenye muunganisho kuliko sahani za diski. Na ukisikia diski inagonga tak, tak, tak, chomoa, usiendelee kulazimisha. Kila unapolazimisha unapunguza nafasi ya mtaalamu kuokoa.

Pia siyo kila usumbufu ni ugonjwa. Faili la zaidi ya GB 4 likikataliwa kabisa, huenda diski au flashi ina mfumo wa FAT32, ambao hauwezi kubeba faili la ukubwa huo. Kasi ikianza vizuri kisha ikashuka bila kukatika, eksteno nyingi ndogo za siku hizi ndivyo zinavyoandika zikielemewa. Na kama GB 60 zinachukua karibu nusu saa badala ya dakika kama 10, angalia usije ukawa umechomeka kwenye poti ya USB 2.0.

Mambo matatu ambayo mimi dukani kwangu nimeyapiga marufuku:

1. Kukata. Tunakopi tu. Faili la mteja linabaki kwenye diski yake mpaka kopi ihakikiwe.

2. Kuformati kwa sababu Windows imeuliza. Ule ujumbe unaweza kutokea kwa sababu ya waya tu. Bonyeza hapana, jaribu mashine nyingine.

3. Kuuza diski mpya kabla ya kupima ya zamani kwenye kompyuta mbili.

Najua kuna wenzangu watasema, "Ukimwambia mteja mashine yako ndiyo mbovu, atakukimbia." Hata mimi niliogopa hivyo. Nilimpigia yule mama, nikamweleza ukweli, nikamrudishia 170,000 yake, laki siku ile ile na iliyobaki mwisho wa wiki. Aliguna, akaniambia, "Nilijua hujui, ila sikujua kama utasema." Filamu nilimaliza, hotuba ya baba ikiwa nzima. Sitawaambia kwamba ameniletea wateja 20, hapana. Ila huwa anapita dukani kutoa kopi zake, na ananisalimia kwa jina.

Ile diski mpya niliyorudishiwa sikuiuza tena. Ndiyo inayobeba kopi ya pili ya kila kazi ya mteja, na usiku inalala nyumbani, siyo dukani.

Kwa hiyo wewe uliyeunga mashine mpya au unayejiandaa kuunga, jipe siku mbili kabla ya kupokea kazi ya mtu. Usiku mmoja pima RAM. Mchana kopi GB 50 za vitu vyako mwenyewe kwenye kila poti, za mbele na za nyuma, halafu linganisha alama. Andika kwenye daftari poti ipi nzima, ipi ya kuogopa, ubandike karatasi. Siku mbili bila kuingiza hela zinauma, najua. Ila video ya harusi hairudiwi, na baba mwenye hotuba hautamwita arudie.

Mwenye uzoefu mwingine auweke hapa tujifunze. Na kama umewahi kumuuzia mtu diski ambayo hakuihitaji, namba yake bado unayo kwenye simu.