Jina Halifungi Goli

Katika miezi ya Mei na Juni, wakati mpunga unapovunwa katika bonde la Kilombero, ligi ya mpira wa miguu nayo huwa inafikia ukingoni. Ndipo swali moja lizukapo kila mwaka: je, timu ya daraja la chini, yenye makao yake katika mji mdogo, yaweza kuitoa timu ya Ligi Kuu katika mchujo? Swali hili huulizwa sokoni Ifakara. Huulizwa Kidatu na wafanyakazi wa sukari watokapo zamu. Huulizwa Mlimba na abiria wanaongojea treni ya TAZARA. Majibu yake huwa mawili. Wako wasemao kwamba jambo hilo ni muhali, kwani mkubwa ni mkubwa. Na wako wasemao kwamba litakuwa tu, kwa kuwa mpira unadunda. Sisi twaona kwamba wote hao wametoa hukumu kabla ya kupima.

Na kupima kwahitajika, maana swali hili haliwahusu wenzetu wa mikoa mingine peke yao. Vijana wa bonde hili wachezao kila jioni, wengine kwa miguu mitupu, wana haki ya kujua kama njia ya kufika juu ipo au haipo.

Njia yenyewe ni nyembamba. Kwa taratibu zilizotumika katika misimu ya karibuni, timu zilizomaliza Ligi Kuu katika nafasi ya 13 na ya 14 hukutana kwanza, nyumbani na ugenini. Itakayoshindwa hukutana na timu iliyopita katika mchujo wa ligi ya Championship, nayo pia nyumbani na ugenini. Atakayeshinda hapo hucheza Ligi Kuu msimu unaofuata. Kazi ya msimu mzima basi huamuliwa kwa dakika 180.

Mwaka 2023 Mashujaa ya Kigoma ilipita katika njia hiyo. Iliitoa Mbeya City, ikachukua nafasi yake. Mwaka 2025 Stand United ya Shinyanga ilifika pale pale, lakini Fountain Gate ikaizuia na kubaki ilipokuwa. Mlango ni ule ule mmoja. Huyu alipita, yule akarudishwa. Asemaye kwamba haiwezekani ajibiwe na Kigoma, na asemaye kwamba lazima iwezekane ajibiwe na Shinyanga.

Wala tusidhani kwamba miji midogo imeanza jana kuwatisha wakubwa. Tukuyu Stars ilitoka katika mji mdogo wa mkoani Mbeya, ikapanda daraja, na mwaka 1986 ikawa bingwa wa nchi. Katika mkoa wetu wa Morogoro, Mseto ilitwaa ubingwa mwaka 1975. Kisha ikaja Mtibwa Sugar, timu iliyozaliwa katika mashamba ya miwa ya Turiani, ikawa bingwa mwaka 1999 na tena mwaka 2000, Simba na Yanga wakitazama. Mfanyakazi wa Kidatu akatae katakata kuambiwa kwamba watu wa miwa hawawezi mpira.

Lakini Mtibwa hiyo hiyo ina somo la pili. Mwaka 2024 ilishuka daraja, na vikombe vyake vyote havikuiokoa. Ikaenda chini, ikafanya kazi, na mwaka 2025 ikapanda tena. Jina halikuizuia kushuka, wala jina silo lililoipandisha. Jina halifungi goli.

Sasa na tumpime mpinzani. Timu ya Ligi Kuu, hata ikiwa imeshika mkia, imekomaa kwa kupambana na walio bora nchini. Wachezaji wake wamezoea kasi, wamezoea kelele za viwanja vikubwa, na akiumia mmoja yupo mwingine wa kuingia. Hizo ni nguvu za kweli, na anayezidharau atajuta. Lakini timu hiyo huingia katika mchujo ikiwa na jeraha. Imefungwa mara nyingi, imelaumiwa na wapenzi wake, na kila mchezaji anafikiri atakula wapi msimu ujao. Ndugu zetu wa daraja la chini huja wakiwa wamezoea kushinda, na hawana cha kupoteza ila safari. Tukilazimishwa kutoa hesabu, tungempa wa juu mafungu mawili na wa chini fungu moja. Si haba. Fungu moja likitunzwa vizuri hulisha nyumba.

Litunzwe namna gani? Kwanza, mchezo wa nyumbani uchezwe kwa akili. Wengi hudhani kwamba nyumbani ni mahali pa kushambulia tu. Mwaka 2023, katika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, Yanga ilifungwa na USM Alger 2-1 Dar es Salaam, kisha ikaenda Algiers na kushinda 1-0. Kombe likapotea kwa magoli ya ugenini. Walipigana kiume kwa wenyewe, lakini milango ilikwisha kuvunjwa nyumbani.

Pili, mchezo uchezwe mpaka filimbi ya mwisho. Januari 2024, katika Kombe la Mataifa ya Afrika, Taifa Stars iliongoza 1-0 dhidi ya Zambia iliyobaki na watu kumi. Dakika ya 88 Zambia ikasawazisha. Pumzi ya dakika za mwisho haipatikani siku ya mchezo. Hupatikana alfajiri, mazoezini, wakati wengine wamelala.

Tatu, ni nidhamu. Mchezaji anayetolewa nje kwa hasira huwaachia wenzake mzigo wake, na katika mchujo hakuna mzigo mwepesi.

Hapa hatuna budi kusema jambo ambalo wengine hulisema kwa kunong’ona. Ziko timu ambazo fedha zake za kwanza huenda kwa mganga, chini ya jina la heshima la “kamati ya ufundi”. Daudi alipomkabili Goliathi alikuwa na imani, hilo twalijua. Lakini pia alikuwa amekwisha kupambana na simba na dubu huko machungani, na kombeo lake alilijua. Aliye na imani asiyefanya mazoezi amebeba kombeo bila jiwe.

Na liko la pili, zito zaidi. Mkulima aliyeinama mwaka mzima majarubani huuza magunia yake, naye mfanyakazi hupokea mshahara wake, kisha fedha huishia katika kile vijana wakiitacho “mkeka”. Wanadhani wanaisaidia timu yao kwa kuiwekea dau. Haiambulii kitu. Mwenye kibanda cha kamari ndiye ambaye amekwisha kupima nafasi ya kila timu, kwa uangalifu kuliko wateja wake, na upimaji huo ndio pato lake. Fedha hizo hizo, zikikusanywa hadharani na kuhesabiwa hadharani, zingenunua mipira na viatu, zingelipa nauli ya timu ya vijana na posho ya mwalimu aliyesomea kazi yake. Haba na haba hujaza kibaba.

Wanachama wenzetu na viongozi wa kata wana wajibu wao pia. Kiwanja kikimegwa kwa vibanda na nyumba, hakuna hotuba itakayokirudisha. Na timu ya bonde isiwe ya mtaa mmoja au ya kabila moja. Zamani mto ulikuwa kisingizio; kivuko kilichozama Januari 2016 wengi wanakikumbuka kwa huzuni. Leo daraja lipo. Kijana mwenye kipaji wa Ulanga au Malinyi aweza kuja Ifakara, akacheza na wenzake wa Mang’ula na Mlimba chini ya bendera moja. Bonde lililogawanyika litatoa timu kumi dhaifu. Bonde lililoungana laweza kutoa moja ya kuogopwa.

Kwa hiyo, ndugu wakulima na wafanyakazi, swali la mchujo litakaporudi msimu wa mavuno, tusilijibu kwa kiburi wala kwa unyonge. Mpinzani ni mgumu, na nafasi ni ndogo lakini ipo. Kigoma ilikuwa nayo ikaitumia. Kilombero yafaa ianze sasa kujiandaa kwa yake, mwalimu kwa mwalimu, kiwanja kwa kiwanja, shilingi kwa shilingi.