Tamasha la Milimani Lilimsahau Mwenye Banjo

Muulize mtu yeyote apendaye nyimbo za kantri, na hapa Kenya wapenzi wake si haba, banjo ni ala ya nani. Bila kusita atakujibu kuwa ni ya Wazungu wa milimani huko Marekani. Hata mimi niliamini hivyo miaka mingi nikizisikiliza nyimbo hizo redioni. Kumbe sivyo, na kosa hilo halikuwa langu peke yangu.

Milima yenyewe ni Appalachia, mashariki mwa Marekani. Wazungu waliohamia huko, wengi wao kutoka Uskochi, Uingereza na Ireland, walikwenda na fidla zao na nyimbo za masimulizi za mababu zao. Baadaye milima hiyo ikajulikana kwa makaa ya mawe na umaskini, na watu wa mijini wakawacheka wenyeji wake kuwa ni washamba wasiojua lolote.

Mmoja aliyeikataa dharau hiyo ni Bascom Lamar Lunsford, mwanasheria wa North Carolina. Mwaka wa 1928 alitakiwa awalete wanamuziki na wachezaji wa milimani katika sherehe za mji wa Asheville. Hapo ndipo lilipozaliwa Tamasha la Ngoma na Nyimbo za Milimani, mojawapo ya matamasha ya kale kabisa ya aina yake nchini humo. Lunsford mwenyewe alivaa shati jeupe na tai, ili watu waone kuwa utamaduni huo una heshima zake. Nyimbo nyingi ambazo zingezikwa pamoja na wazee zikaokolewa. Kwa hilo twapaswa kumshukuru.

Hata hivyo, tamasha ni kama ghala: mwenye ufunguo ndiye achaguaye la kuweka na la kuacha. Asili ya banjo ni Afrika. Watumwa waliotekwa Afrika Magharibi waliiunda kwa kibuyu na ngozi, wakifuata ala za kwao, kama vile akonting ya Wajola wa Senegal na Gambia, ambayo nayo ina uzi mfupi upigwao kwa kidole gumba. Jambo hili halikuwa siri. Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa Rais wa tatu wa Marekani, aliandika katika miaka ya 1780 kwamba ala hiyo Waafrika walikuja nayo kutoka kwao.

Basi ilikuwaje ikabadilika rangi? Kuanzia miaka ya 1830 na 1840, Wazungu waliojipaka masizi usoni waliipiga majukwaani wakiwadhihaki Weusi, hata Weusi wengine wakaanza kuionea haya ala yao wenyewe. Miaka ya 1920 kampuni za santuri zikagawa muziki mafungu mawili: nyimbo za milimani za Wazungu, na santuri za Weusi. Mweusi aliyepiga fidla au banjo akakosa fungu. Na kilichokuwa ndani ya santuri ndicho kilichohesabiwa kuwa mila halisi.

Mgawanyo huo ulitufikia hata sisi. Mwezi wa Agosti 1927, Jimmie Rodgers, aliyejifunza mengi kwa vibarua Weusi wa reli, alirekodi kwa mara ya kwanza mjini Bristol, katika milima hiyo. Santuri zake zikafika kwa Wakipsigis, nao wakamwita Chemirocha na kumtungia nyimbo, ambazo Hugh Tracey alizirekodi mwaka wa 1950. Mzungu na gitaa lake alitufikia. Walimu wake Weusi hawakutufikia.

Marekebisho yalichelewa mno. Mwaka wa 2005, wapiga banjo Weusi na wapenzi wa ala hiyo walikutana katika Chuo Kikuu cha Appalachian State, mjini Boone. Baada ya hapo vijana watatu wakawa wanakwenda nyumbani kwa mzee Joe Thompson, mpiga fidla Mweusi aliyezaliwa mwaka wa 1918, wakajifunza miguuni pake. Kikundi chao, Carolina Chocolate Drops, kilipata tuzo ya Grammy mwaka wa 2011, na mzee akafariki mwaka uliofuata akiwa ameyaona hayo. Mmoja wao, Rhiannon Giddens, aliandaa tamasha mjini Durham mwezi wa Aprili 2025 kuadhimisha miaka 20 ya mkutano wa Boone.

Wako wanaonung'unika kwamba huku ni kuingiza siasa za rangi katika burudani. Mimi siafikiani nao. Hakuna aliyenyang'anywa fidla yake; aliyesahauliwa ametajwa jina, basi. Ingekuwaje kama vijana wale wangechelewa miaka 10?

Nasi tukenda kutazama ngoma zetu zikishindaniwa majukwaani, tusihesabu walioko tu. Tuulize pia nani hakuitwa. Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.