Kabla ya kuuliza mshahara, uliza bosi ni nani

Niliacha chuo karo ilipokatika, nikapata kazi katika kampuni ndogo hapa Nairobi. Bosi wetu hakuwahi kukosea. Ukimwambia mteja analalamika, wewe ndiye unageuka kuwa tatizo. Baada ya miezi mitatu sote tulikuwa tumejifunza kunyamaza. Wateja wakahama mmoja mmoja, sisi tunaangalia tu. Mwishowe ofisi ikafungwa, na mimi nikarudi mtaani.

Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina. Kampuni nayo hutazama kisogo cha bosi.

Angalia Safaricom. Michael Joseph, mhandisi, aliiongoza kuanzia 2000 hadi 2010. Wazo la M-Pesa lilitoka Vodafone kule Uingereza, lakini yeye ndiye aliyekubali kulizindua hapa, 2007. Bosi mwoga angesema pesa ni kazi ya benki, na leo ungekuwa bado unatuma nyanya yako pesa kwa kondakta wa basi.

Akaja Bob Collymore, mzaliwa wa Guyana, mtu ambaye hakuwa na digrii. (Ndiyo, umesoma vizuri.) Alipenda muziki wa jazz, hadi akajifunza saksofoni ukubwani. Kuanzia 2014 kampuni ikaandaa tamasha za jazz, na pesa zikasaidia Ghetto Classics, mradi unaofundisha watoto wa Korogocho muziki. Bosi mwingine angependa gofu, na hao watoto wasingeona hata senti.

Usinielewe vibaya. Bosi si mchawi. M-Pesa isingeenda popote bila mainjinia na wale mawakala wa vibandani. Lakini bosi ndiye huamua nani anasifiwa na nani anafokewa, na wafanyakazi huisoma hiyo haraka kuliko barua yoyote ya ofisi.

Najua kazi ni ngumu kupata, na mara nyingi huna nafasi ya kuchagua. Hata hivyo, uliza. Tafuta mtu aliyetoka huko, akuambie kwa nini alitoka. Siku ya intavyuu fika mapema, upige stori na soja wa langoni. Muulize kama bosi humsalimia.

Akicheka kabla ya kujibu, ingia ukijua unachoingilia.