Oili Ghali Si Lazima Iwe Oili Yako

Kama umerithi lori la zamani la petroli, mfano Bedford, usilitilie oili ya gari la juzi. Oili nyepesi kama 0W-20 ilitengenezewa injini mpya zenye nafasi finyu kati ya vyuma. Kwa injini iliyochakaa, presha hushuka na beringi zikaumia. Tena oili nyingi za kisasa zimepunguzwa zinki na fosforasi, na hizo ndizo kinga ya kemshafti na tapeti za kizamani. Kwa joto letu, 20W-50 yenye zinki ya kutosha mara nyingi inatosha, lakini anza na kitabu cha gari. Usinunue kwa bei wala kwa sifa. Lori hilo ndilo linalolipa karo ya watoto. Lipe linachohitaji.