Joto la Guangzhou na nywele za mtoto

Shule zikifungwa Julai, akina mama wengi hapa Xiaobei huwasuka watoto rasta za kukaa likizo nzima, ili wao wapate nafasi ya dukani. Nawaelewa. Lakini joto letu linapita nyuzi 33, na hewa imejaa unyevu. Jasho likilala chini ya rasta miezi miwili, kichwa huwasha na mtoto hujikuna mpaka vidonda.

Wangu nawasuka twende kilioni kwa nywele zao wenyewe, bila kuvuta. Mtoto akilia kwa maumivu, au vipele vikitokea pembezoni mwa paji la uso, fumua siku hiyo hiyo. Nywele za hapo zikivutwa miaka na miaka, huenda zisiote tena.

Kila wiki mbili nafumua, naosha kwa ncha za vidole, si kucha. Sisuki nywele mbichi. Kwa unyevu huu hazikauki, hunuka. Wakienda kuogelea, nazilowesha kwanza kwa maji safi, ndipo wavae kofia: nywele iliyoshiba maji hainywi klorini nyingi.

Rasta zisubiri Desemba, kukipoa.